Shikamoo ya Mdoli wa Mtumba

Jumamosi

Mkoa huu wote wa Singida hakuna anayeelewa Kiingereza cha midoli kama mimi. Uongo. Shule niliachia darasa la nne, nikatoka na "gudi moningi" tu.

Huyu askari wa sinema niliyemtoa kwenye mitumba pale Mkiwa ndiye bora katika midoli yote inayosema ninayokusanya. Buti moja limepotea, lakini ukimbonyeza tumbo anafoka vizuri. Mke wangu alitaka kumtupa chooni, eti ni jini. Nikamwambia, "Mama Zainabu, anakuamkia. Hiyo ni shikamoo ya Kizungu."

Tangu hapo kila asubuhi anambonyeza, kisha anaitikia, "Marahaba, mwanangu."

Leo jirani yetu, Mwalimu Neema, kaja kuazima ungo akawakuta wanasalimiana. Alicheka mpaka akakaa chini. Akaninong'oneza, "Babu, huyu anasema mikono juu, nitakulipua."

Mke wangu amekiona kile kicheko. Kesho anakwenda kumuuliza. Akijua, midoli yote chooni, na mimi sijui nitalala wapi.

Mwalimu, mbuzi wako alipomaliza mchicha wa Mama Zainabu, nilisingizia kuku wetu. Sasa zamu yako. Mwambie ni shikamoo.