Supu ya Mama

Nyumbani kwa mama,
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa wifi yangu,

Salamu tele kutoka chumba cha nyuma. Hujambo huko kwenye baridi? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi tupo. Kaka yako anakwenda gereji kama kawaida. Mtoto tunamwita Bonge, na ukiyaona mashavu hutauliza kwa nini. Mimi naendelea, ingawa bado nalala nimeegemea mito.

Ulisikia kwamba nilipojifungua moyo wangu ulichoka, miguu ikavimba na pumzi ikawa ya kutafuta. Daktari wa moyo akanikaribisha kwenye utafiti wao wa akina mama wa aina yangu. Wanashuku homoni ya maziwa huenda inauumiza moyo, lakini hawana hakika, ndiyo maana wanatafiti. Wengine wetu tunapewa vidonge vya kukausha maziwa. Nilikubali mwenyewe, na maziwa yakakauka.

Hapo ndipo aibu iliponikaba. Mama kila siku anawasifia majirani jinsi mkwewe anavyonyonyesha. Nikashindwa kumwambia. Najifungia chumbani, nampa Bonge chupa chini ya shuka kama mwizi, kisha naificha kwenye nguo.

Mama akisikia Bonge analia, anadhani maziwa ni haba, basi ananipikia supu ya kuyaongeza. Ni tamu, wifi, na chumvi ipo ya kutosha. Daktari amenikataza chumvi na vinywaji vingi, maana moyo unalemewa. Nami namaliza bakuli zima kwa kuona haya tu.

Alhamisi nilirudi kliniki miguu imejaa. Daktari akauliza chumvi naitoa wapi. Mama amesimama pale pale, begi la Bonge begani. Nikasema nanunua karanga za barabarani. Mama akanitetea, akaahidi kuniongezea supu ili nisitamani vya nje. Nilitamani ardhi inimeze. Daktari alisema nikiendelea hivi atanilaza tena, na safari hii haahidi kitu.

Nimeanza barua hii nikuombe umwambie wewe, maana ni mama yako na mimi sina uso. Lakini huyo anaingia na bakuli. Naweka kalamu.

Wifi, nimemwambia. Vidonge, chupa, karanga, yote. Mama aliketi kitandani, akaivuta ile supu, akainywa polepole mpaka ikaisha, bila kunitazama. Kisha akasema, "Kweli chumvi imezidi." Akaweka bakuli chini. "Na hiyo chupa, huko kwenye nguo, unaichemsha lini?"

Nikaitoa. Ameichukua, namsikia jikoni akiichemsha. Bado naona haya kumtazama, lakini nimelia mpaka kifua kimepata nafasi.

Nisalimie shemeji na wale mapacha watundu. Kaka yako anakusalimu, na Bonge pia kwa kelele zake. Mungu akutunze wewe na moyo wako.

Wako akupendaye kwa dhati,
Mama Bonge