Pompi Isiyokata

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa tatu

Nimenawa mikono kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu. Bado inanuka esansi, mafuta ya pikipiki. Sifa amenusa, amegeuza uso, amekataa ziwa. Mutoto wangu mwenyewe. Naichukia hii harufu.

Leo tena nilikuwa naye mugongoni pale stasio ya mafuta, mtaa wa Kasuku. Mama mukwe mguu umevimba, hawezi kumushika. Patro, mwenye stasio, amekubali, mradi mutoto asilie mbele ya wateja.

Na pompi imeniaibisha. Kila nikibonyeza pistole, ule mudomo wa chuma tunaoingiza kwenye tanki, inakata. Tak. Nabonyeza tena, tak. Na tanki iko tupu. Motari mumoja, wale wanaobeba watu kwa pikipiki, akasema kwa sauti: "Mama Sifa, unatupimia dawa ya mutoto kwa kijiko?" Wote wakacheka na pikipiki zao. Wananitia kinyaa.

Jumatano, tarehe 5

Papa Mulamba, mekanisie, fundi wetu wa mashine, amefungua pistole. Nimechungulia. Muda wote huu naishika, sikujua kilicho ndani.

Kwenye ncha iko katundu kadogo. Esansi ikipita, inavuta hewa kupitia kale katundu. Tanki ikijaa, esansi inafunika katundu, hewa inakosekana. Basi mvuto wote unahamia kwenye mupira mwembamba ulio ndani. Mupira unavutika, unaachia kapini, mukono wa pistole unalegea. Esansi inakata. Njo vile tu. Hakuna umeme. Kama mutoto kwenye ziwa, akishiba anaachia.

Katundu ketu kalizibwa na matope. Bido, madumu ya wateja, zinawekwa chini kwenye matope, tunachomeka, tunachomoa. Papa Mulamba amekazibua kwa kijiti cha ufagio. Nimefurahi kama mujinga.

Ijumaa, tarehe 7

Furaha imekwisha. Treni ya Katanga inayoleta esansi haijafika. Barabara ya Bukavu imekatwa na vita. Watu wanajaza kila kitu, tanki, bido, hata chupa za maji. Kwenye bido esansi inatoa povu, povu linafunika katundu, tak. Wanasema nawaibia. Wamotari wanatikisa pikipiki hewa itoke: "Ongeza, mama, iko nafasi!" Kwao tanki isiyofika shingoni ni tanki ya kuibiwa.

Patro akachoka na kelele. Akamuambia Papa Mulamba atoboe ule mupira.

"Ukitoboka, haitakata tena, patro."

"Njo nataka vile. Macho ya mama si iko pale?"

Akautoboa kwa sindano. Hakuniangalia.

Wakati wa vita ile ya zamani, nikiwa mutoto, baba alikuwa anahamisha esansi toka pipa hadi bido kwa kuinyonya na kinywa. Alikuwa anatema mpaka anatapika, sisi tunamucheka. Nimemufikiri siku nzima. Leo tuko na chombo kinachojua kukata chenyewe, na tunakitoboa. Uchafu mutupu.

Jumamosi, tarehe 8

Imetokea.

Sifa alikohoa, nikageuza kichwa. Esansi ikafurika, ikamwagikia injini yenye moto ya pikipiki. Moshi, fyuu. Ikarukia kitenge changu na mguu wa mutoto.

Haikuwaka. Sijui kwa nini haikuwaka. Ndoo ya mchanga imejaa maganda ya karanga na vipande vya sigara.

Motari aliruka nyuma. Halafu akacheka: "Mama, leo unatuogesha?" Alicheka! Patro akatoka, akaangalia chini, esansi inazama katika udongo. "Mali yangu." Neno lake njo hilo. Mutoto analia, mguu mwekundu kama pilipili, hakuuliza kitu.

Nimeuosha, nimeuosha. Halafu nikaenda kutapika nyuma ya stasio.

Jumapili, tarehe 9

Sikwenda kanisani. Baba Sifa amepiga simu toka Kalima, kwenye machimbo. Anasema nivumilie, kazi ni kazi. Nimekata simu. Yeye hakuona ule moshi.

Kazi yangu njo inatulisha, mimi, mutoto, na mama yake mwenyewe. Najua. Hakuna mwenye haja ya kunikumbusha. Lakini mutoto si kuni.

Jumatatu, tarehe 10

Nimetundika pistole, nikasimama mbele ya pompi.

"Patro, sibonyezi mpaka mupira ubadilishwe."

Foleni ikapiga honi. "Mama, tuko na haraka!"

"Haraka ya kuungua?"

Patro akauliza mupira mupya utatoka wapi, na barabara zimefungwa. Nikamuambia basi tujaze nusu tanki, polepole, hakuna kufika shingoni. Akasema wateja watakwenda kwa wale wanaouza esansi ya chupa barabarani. Nikasema waende.

Watu walikuwa wanamuangalia. Njo ilimukasirisha. "Wamama wanaotaka kazi ni wengi Kindu," akasema, na akamuita yule muuza karanga wa ng'ambo ya barabara. Ana mimba kubwa. Mimba kubwa, na anamuita!

Nilikuwa nimeshafunga kitenge niende. Nikarudi. "Dada, hii haikati. Wametoboa mupira. Ukigeuza kichwa, inamwagika." Akaangalia pistole. Akaangalia tumbo lake. Akasema, "Aksanti, patro," akarudi kwa karanga zake.

Patro akaishika mwenyewe, na viatu vyake vya kung'aa. Sikungoja kuona.

Alhamisi, tarehe 20

Niko Mikelenge, kwenye shamba la mama mukwe. Mihogo, basi. Tunakula sombe, majani yake, bila samaki. Mama mukwe anatembea kidogo sasa. Hajanilaumu. Nilikuwa namungojea anilaumu.

Papa Mulamba alipita mchana. Patro anasema nirudi. Nikauliza, mupira? Akasema bado. Nikamupa muhogo wa kuchoma, akala, akaenda.

Jioni mvua imenyesha. Ngozi ya mguu wa Sifa imebanduka yote. Chini yake iko ingine, mupya, laini sana. Nimeipaka mafuta ya mise, yale ya muchikichi. Akavuta mguu, akalala.