Kadi Nne za Mtama

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Niambie kwanza, kile kikohozi cha vumbi la kitalu kimekuachia? Mama anasema unywe maji ya moto na usilale na dirisha wazi, na ameniagiza niandike hivyo kabla ya jambo lingine lolote, kwa hiyo nimeandika. Sisi huku hatujambo. Mama anashona sare za shule, nyumba nzima imejaa nyuzi za buluu, juzi niliukuta mmoja ndani ya kikombe changu cha chai. Mgongo wa baba umetulia. Mimi nimefunga shule. Nimekuwa wa tatu darasani, na katika somo la biolojia nimekuwa wa kwanza. Labda mama amekwisha kukuambia. Kama hajakuambia, basi ndiyo nimekuambia mwenyewe.

Barua hii ni ndefu, naomba uisome ukiwa umekaa. Ningepiga simu, lakini simu ni ya mama, na mama hukaa karibu na mzungumzaji kuliko simu yenyewe.

Unajua kwamba jarida la mimea la taasisi linatimiza miaka thelathini, na kwamba baba, kwa kuwa ndiye mkutubi, alipewa kazi ya kutayarisha kurasa mbili za toleo maalumu. Ukurasa wa kwanza unaonyesha mwelekeo wa utafiti: watu wameandika nini tangu mwanzo hadi leo. Wa pili ni orodha ya makala kumi zilizorejelewa zaidi na watafiti wengine. Waandishi wa makala hizo kumi watasoma kazi zao mbele ya mkutano mkuu, pale wanapokaa walimu wanaochagua watu wa kwenda kwenye maabara kubwa. Kwako hilo ni jambo la maisha, najua. Uliniambia mwenyewe likizo iliyopita, tukianua nguo.

Baba alinichukua nimsaidie. Kila asubuhi tulikwenda naye maktaba, chumba kile cha mwisho chenye dirisha lisilofungika vizuri, nikakaa meza moja na Bi Nukta. Unamkumbuka Bi Nukta, msahihishaji wa jarida, yule aliyekurudishia makala yako mara tatu kwa ajili ya mkato mmoja. Hajabadilika. Nilipomsalimia siku ya kwanza alinitazama juu ya miwani, akasema aha, huyu ndiye mdogo wake Mtama.

Kazi yenyewe ni hivi. Kompyuta huhesabu majarida makubwa tu, na baba anasema kompyuta ina macho ya tajiri, haimwoni maskini. Kwa hiyo majarida madogo ambayo taasisi nyingine hututumia kwa kubadilishana tunayahesabu kwa mkono. Bi Nukta anasoma orodha ya marejeo mwishoni mwa kila makala, na kila anapokuta makala ya jarida letu anaitaja kwa sauti. Mimi naandika kadi: nani amerejelea, amerejelea makala gani, jarida lipi, mwaka gani. Kadi inaingia kwenye droo, nyuma ya jina la mwandishi wetu, pamoja na zile baba alizokwisha kuandika kutoka kwenye kompyuta. Ni sheria ya baba kwamba mtu akijirejelea mwenyewe kadi yake haihesabiwi, kwa sababu, anasema, hatuhesabu makofi ya mtu anayejipigia.

Kazi hiyo niliipenda, dada, sikufichi. Tulichora chati kubwa kwa penseli za rangi tukaibandika ukutani. Miaka ya mwanzo yote ni kijani, maana watu walikuwa wakitafuta mimea na kuipa majina tu. Kisha inaingia nyekundu ya magonjwa ya mazao, inapanda, inapanda. Miaka hii ya karibuni imejaa buluu ya jeni na manjano ya ukame na chumvi. Bi Nukta alisema ukiitazama chati ile unaona watu walianza kwa kuuliza mmea unaitwaje, wakaja kuuliza unaumwa nini, na sasa wanauliza kama utapona. Nilisimama mbele yake mpaka chai yangu ikapoa.

Lakini kila siku lilitokea jambo lile lile. Mtafiti akiingia kuazima kitabu, baba humwambia mimi ni nani, na kila mara mimi ni mdogo wake yule wa mizizi ya mtama. Hapo wanachangamka. Wanauliza habari zako, unasoma wapi, unarudi lini. Bwana mmoja alinishika mkono kwa furaha, akaongea dakika kumi juu ya namna mizizi ya mtama inavyoizuia chumvi mlangoni, akaaga bila kuniuliza hata nasoma kidato cha ngapi. Nyumbani nako makala yako iko ukutani juu ya friji, ndani ya fremu. Chini yake mwaka jana nilibandika mchoro wangu wa jani la haragwe, ule mwalimu aliouandikia vizuri sana. Ulianguka. Mama akaufagia pamoja na vipande vya vitambaa, na alipojua aliniomba radhi kweli kweli, akasema atanunua gundi. Fremu yako imefungwa kwa misumari miwili.

Na kila kadi yako ilipoongezeka, baba alisimama. Haki ya nani, alisimama kwenye kiti. Aliita mpaka mlinzi wa getini akaja kuuliza kuna nini. Bi Nukta akamwambia hakuna kitu, mtama umeota tena.

Ijumaa ya wiki ya tatu tulifunga droo na kujumlisha. Makala ya kwanza ilikuwa na kadi mia na zaidi, zile za magonjwa zikafuata, ya tisa ikawa na thelathini na moja. Ya kumi ilikuwa na kadi ishirini na tano. Ilikuwa ya baba.

Najua ulishangaa uliposikia, nasi tulishangaa. Ile makala yake moja, juu ya makangaga, mimea ile isiyotoa maua inayoota kwenye kuta kuukuu, aliyoiandika kabla mimi sijazaliwa, alipokuwa bado anatumaini kuwa mtafiti. Baba alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akamwomba Bi Nukta aihesabu droo ile upya, kisha akamwomba tena. Bi Nukta akamwambia bwana mkutubi, ukiniambia mara ya tatu nitaanza kupunguza. Baba akacheka cheko ambalo sijalisikia kwake tangu nizaliwe, cheko la mvulana. Miaka ishirini na sita amehudhuria mkutano ule akipanga viti na kugawa ratiba. Mama alitoa koti lake la harusi, akalipanua kwapani, akaanza na suruali mpya.

Wewe ulikuwa wa kumi na moja, kwa kadi ishirini na tatu. Jumamosi ukamtumia baba ule ujumbe: hongera baba, mwaka huu wewe kaa, viti na wapange wengine. Baba aliusoma kwa sauti wakati tunakula. Akausoma tena. Mimi nikasema nimeshiba, nikatoka.

Sasa, dada, nifike nilikokuwa nazunguka.

Hukuwa wa kumi na moja. Wiki ya pili lilikuja jarida nene kutoka taasisi moja ya mbali, toleo zima ni la chumvi katika udongo. Bi Nukta alitia alama za penseli pembeni mwa marejeo yote ya kwetu, kisha akaenda kuchukua chai, akaniachia niandike mwenyewe. Nikakuta wewe. Nikafungua makala ya pili, wewe. Kabla sijamaliza nilikuwa nimeandika kadi nne za mtama, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Nilimwona baba akilini akipanda kiti mara nne. Nikazichukua zile kadi nikaziweka ndani ya kamusi yangu ya shule, nikaifunga, nikaiweka mkobani. Bi Nukta aliporudi akaniuliza kama jarida nene limeisha. Nikamwambia limeisha, halikuwa na kitu kikubwa. Alikuwa na vikombe viwili mkononi, kimoja changu, na hakuwa na sababu ya kutoniamini.

Sikujua kwamba nyuma yako yuko baba. Sitaki ufikiri kwamba nilifanya kwa kumpenda yeye. Nilifanya kwa wivu, basi. Nilitaka tu siku moja ipite bila mtama. Furaha ya baba ilikuja yenyewe baadaye, ikakalia uongo wangu kama kuku kwenye yai la jiwe, na kila nilipoitazama nilishindwa kusema. Ujumbe wako ndio ulioniuma kuliko yote. Ungenuna ningevumilia.

Jumapili asubuhi baba alikuwa kwenye kizingiti cha jikoni anapaka viatu rangi, vile vya mkutano. Nikaenda nikaziweka kadi nne kwenye ngazi mbele yake. Alizisoma moja moja, mkono mmoja ukiwa bado ndani ya kiatu. Akauliza kama mwandiko ni wangu. Nikamwambia ni wangu. Akauliza kwa nini, nikamwambia nimechoka kuwa mdogo wake Mtama. Alitoa mkono ndani ya kiatu, dada, akazipanga kadi sawasawa, na mashine ya mama ikanyamaza kule ndani. Kisha akasema kesho tutahesabu upya, kuanzia droo ya kwanza, kadi zote mia nane na kumi na mbili na hizi nne, maana mtu aliyeficha nne hawezi kuaminiwa kwa zilizobaki. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Tulihesabu siku tatu. Baba alisoma mwenyewe, mimi nikaandika, Bi Nukta akakaa katikati yetu. Siku ya kwanza hakuniita kitu chochote. Siku ya pili alisema njia ya mwongo ni fupi lakini ya huyu imekuwa na droo nyingi, na hapo nikajua atanisamehe. Kati ya kadi zako nne moja tuliitoa, kwa sababu aliyekurejelea ni wewe mwenyewe, jina lako lilikuwa la tatu kati ya waandishi, nami kwenye kadi niliandika la kwanza tu. Hukutuambia kwamba umeandika huko, kumbe nawe una siri zako. Umebaki na ishirini na sita. Baba ana ishirini na tano. Bi Nukta akapendekeza orodha iwe ya makala kumi na moja, nani atalalamika. Baba akakataa, akasema kichwa cha ukurasa kinasema kumi. Akachukua kalamu, akakata mstari juu ya jina lake mwenyewe, akaandika lako. Kisha akatutazama, tulikuwa tumeinamisha vichwa kama watu wa msibani, akasema mnalia nini, bila wa kumi na moja timu haiingii uwanjani. Bi Nukta alicheka mpaka akatoa leso. Mimi sikuweza kucheka.

Kwa hiyo wewe ni wa kumi, dada. Barua ya mwaliko imo katika bahasha hii, na nimemwomba Bi Nukta aifunge yeye, mikono yangu naiogopa. Mama bado anashona ile suruali. Anasema hata mpanga viti anastahili suruali. Naomba unisamehe. Kama huwezi sasa, unisamehe ukifika, nitakusubiri kituoni na mzigo wako nitabeba mimi.

Lakini nina ombi, nalo nimelifikiria vizuri. Baada ya kuhesabu niliazima lile toleo la zamani nikaisoma makala ya baba. Nyumba nzima hatujawahi kuisoma, dada, tumeiweka fremu yako tu. Ina kurasa sita. Katika ukurasa wa nne anaeleza kwamba makangaga ya kwenye kuta zenye chumvi huisukuma chumvi kwenye majani makuukuu, kisha huyaangusha. Mwishoni anauliza, kama ni hivyo kwa majani, je, mizizi nayo haina mlango wake? Aliuliza hivyo miaka ishirini kabla yako. Nimehesabu marejeo ya makala yako, ni arobaini na moja, na makangaga ya baba hayamo. Sikulaumu. Hata mimi sikujua.

Soma ukurasa huo, nimekunakilia kwa mkono nyuma ya karatasi hii. Ukiona hauhusiani, uache, baba atajua kama umemhurumia na itamuuma. Lakini ukiona unahusiana, utakaposoma kazi yako mbele ya mkutano umtaje, na katika taarifa itakayochapwa umtie kwenye marejeo. Itakuwa ya ishirini na sita. Kadi nimekwisha kuikata, iko tupu kwenye droo nyuma ya jina lake, na baba amenikubalia niendelee na kazi mpaka shule ifunguliwe. Nitaiandika mimi. Siku hiyo nitapanda kiti.

Mama anakusalimu, anauliza tena habari ya dirisha. Baba anakusalimu, hajui nimeandika nini zaidi ya kuomba radhi. Bi Nukta anasema utakapokuja uje na nukta zako kamili. Mwalimu wangu wa biolojia naye anakusalimu, ingawa hamjuani. Nilimwonyesha mchoro mwingine wa jani, akaniambia niuhifadhi mahali pazuri, nikauweka ndani ya kamusi, pale zilipokuwa zile kadi.

Ni mimi mdogo wako,
mdogo wake Mtama, mtoto wa Makangaga.