Kungoja Zamu ya Okoth

Jumatatu, 3 Machi
Zamu ya asubuhi. Watoto wa chanjo hawakuisha hadi saa nane. Miguu imevimba. Nikatoka, nikapitia duka la vifaa vya ujenzi hapa Oyugis kuuliza bei ya saruji, kama ninavyofanya kila mwezi. Imepanda tena. Muuzaji ananijua sasa. "Madam, wewe ni wa kuuliza tu. Utanunua lini?" Nimenunua mkate. Nao umekuwa mdogo.

Imebaki miezi minne nistaafu. Nyumba ya zahanati narudisha ufunguo siku hiyohiyo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimechora ramani upya. Miaka saba iliyopita akiba yangu ya sacco ingejenga vyumba vinne na veranda. Mwaka juzi, vitatu. Leo nimechora viwili, veranda hakuna. Na pesa haijapungua, imeongezeka kila mwaka. Nyumba ndiyo inayopungua. Nimeikasirikia karatasi kana kwamba yenyewe ndiyo yenye kosa.

Sababu naijua, na imenichosha. Mume wangu, Baba Atieno, ni wa pili kwao. Kwetu Wajaluo mdogo hajengi boma lake kabla ya mkubwa. Mkubwa ni Okoth, anachimba dhahabu Macalder. Okoth hajengi. Sisi tunamngoja.

Jumanne, 18 Machi
Homa Bay, benki. Mama wa dawati alinieleza kwa upole: hati fungani za serikali, akaunti ya muda maalum. Nikamuuliza kama riba hiyo itaishinda saruji. Akacheka kidogo. Akasema mfumuko wa bei hauna adabu, ila pesa ya uzeeni isikae mahali pamoja. Yangu imekaa mahali pamoja, inamngoja mtu mmoja.

Ningenunua vifaa mapema? Saruji ukiiweka stoo inageuka jiwe. Mabati nilinunua, miaka mitatu sasa. Nikampa Okoth ajenge lake haraka, nasi tufuate. Sijaona hata bati moja juu ya paa.

Jumapili, 30 Machi
Baada ya misa nilipita kwa Mwalimu Rose. Alistaafu na ploti yake hapa mjini, vyumba vya kupangisha. Bei zikipanda, naye anapandisha kodi. Ananawiri.

Nikamwambia Baba Atieno: tununue ploti. Tukae chumba kimoja, tupangishe vingine. Akaacha kula. Mtu hazeekei kwenye ploti, akasema, nikifa mtanizika wapi, karibu na choo cha wapangaji? Nikamwambia yeye anawaza kuzikwa, mimi nawaza kula. Akasema haraka haraka haina baraka. Miaka saba! Nilicheka hadi machozi yakatoka.

Ijumaa, 11 Aprili
Mafuta yamepanda. Kwa hiyo mchanga umepanda, maana lori linakunywa mafuta. Fundi naye kapanda, maana anakula unga. Usiku nimepata usingizi wa saa moja tu.

Jumatano, 23 Aprili
Nimeamua. Jumamosi naenda Macalder mwenyewe. Okoth akikosa neno la maana, Jumatatu nalipia ploti. Nimemwambia Baba Atieno. Hakunikataza. Nadhani naye amechoka.

Jumamosi, 26 Aprili
Nimerudi. Mwili wote vumbi.

Nilimkuta Okoth kando ya shimo, anaosha mchanga kwenye karai. Amezeeka. Njiani nilikuwa nimepanga maneno makali, nikayatoa yote, wenzake wakisikia. Mabati. Miaka. Kwamba kila akilala, bei inaamka. Nilipomaliza akanawa mikono.

"Nyar Suna," akasema. Ndivyo wanavyoniita huku nilikoolewa, binti wa Suna. "Hiyo mabati yako niliuza, nikakula. Sikatai. Lakini hata ungeniletea lori mzima, ningeingia boma na nani? Na jogoo peke yake?"

Mwanamume huingia boma jipya na jogoo, shoka na mke wake. Mke wa Okoth alifariki mwaka mmoja kabla hatujaanza kungoja. Kwenye matanga nilipika mimi! Sote tukadhani ataoa tena. Kisha tukasahau kabisa kwamba hajaoa, tukabaki kumwita mvivu. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alikuwa anatafuta, halafu akaacha kutafuta, na hiyo si habari ya kumtumia mtu kwa salamu.

Nimeona aibu. Naandika hivyo hivyo: nimeona aibu. Lakini bado sina pa kukaa Julai.

Jumatatu, 28 Aprili
Sijalipia ploti. Sijui ninangoja nini sasa.

Jumapili, 11 Mei
Kikao cha ukoo kwa wakwe; Okoth amekuja bila kuitwa. Amevaa koti. Mbele ya wazee wa ukoo akasema amempisha mdogo wake. Mara moja tu, kwa sauti ya kawaida. Wazee wakamuuliza kama anajua analosema, maana aliyepisha harudi kudai zamu. Akasema anajua. Atakaa kwenye nyumba yake ya ujana, katika boma la baba yao, hadi azikwe humo.

Hili ndilo nililolitaka miaka saba. Kichwa kimeniuma siku nzima.

Jumanne, 13 Mei
Nimetoa akiba yote sacco. Saruji, mabati, mbao, misumari, kwa mkupuo mmoja, kabla hawajabadilisha bei.

Jumamosi, 24 Mei
Tumeingia boma letu. Kibanda cha mabati, kimesimama kwa siku moja kama inavyotakiwa. Nyumba yenyewe itafuata. Baba Atieno na jogoo, mwanetu wa kiume na shoka, mimi na moto. Shimo la nguzo ya kwanza alichimba Okoth. Anajua kuchimba. Hakuna aliyemsaidia na hakuomba.

Jumapili, 29 Juni
Nyumba imeezekwa. Vyumba viwili. Sakafu bado mbichi. Kesho narudisha ufunguo wa nyumba ya zahanati. Baada ya hapo ni pensheni, ikija, na kuku, na mboga za kuuza. Itatosha au haitatosha.

Okoth alikuja kuiona. Alizunguka nje, akagonga ukuta kwa kiganja, akamsifu fundi. Alipokuwa anaondoka akaniita kando.

"Nyar Suna, mimi nikienda, usikubali wanizike kando ya ua kama mtu hakuwahi kuoa. Nilioa."

Nikamwambia sitakubali. Akashukuru, akashika njia ya Macalder.

Jioni nilimweleza Baba Atieno. Alitoka nje bila viatu, akasimama katikati ya uwanja wetu. Sikumfuata. Nilipakua chakula, nikakifunika.