Mja Mzito Aliyetaka Kuwa Mwepesi

Mpendwa mshauri Rael wa redioni, nakuandikia kutoka Kakuma nikiomba msaada wako, kwa sababu siri niliyo nayo imenielemea kuliko mimba yenyewe. Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Kongo, mimba yangu ya kwanza imeingia mwezi wa saba, na kila Jumapili baada ya ibada mimi ndiye ninayesimama mbele ya kina mama kuwahimiza wale vizuri na waende kliniki, lakini nikirudi nyumbani naonja kidogo fufu, ugali wetu wa muhogo, na kuisukuma sahani, kwa kuwa mama mkwe wangu ameniambia tangu mwanzo, "Mwana wangu, kula kidogo, mutoto atanonea inje, hapana mu tumbo!" na siwezi kumdharau, maana binti yake alipasuliwa akijifungua na hakuamka tena. Jirani yangu Nyabol hunitania bombani, "Wewe mwalimu, hiyo tumbo umeacha kwa shule?" wanawake wanacheka, nami nacheka nao. Basi siku ya kupimwa uzito nilifunga mawe ya laga, ule mto mkavu, ndani ya kitenge, mizani ikapanda, muuguzi akanipongeza, kisha akanyoosha utepe juu ya tumbo langu, akalipima tena, akasema mtoto ni mdogo kuliko miezi yake na niende Lodwar nikapigwe picha ya tumbo. Halafu akaniwekea chombo cha kusikilizia, nami nikausikia moyo wa mwanangu ukienda mbio, nikapigwa na butwaa kwamba kiumbe ninayemnyima chakula anafanya kazi kwa bidii namna ile bila kuninung'unikia. Nikila, namwasi mama mkwe na naogopa kisu. Nisipokula, naogopa ule moyo utanyamaza. Nifanyeje?

Elyse (jina limebadilishwa), Kakuma

Ejok, Elyse, nakusalimu kwa Kiturkana. Nakupa pole, na nakukemea, kwa maana unastahili vyote viwili. Mizani uliidanganya, muuguzi ukamdanganya, lakini mtoto hakudanganyika.

Ndugu zangu mnaonisikiliza, tutulie kidogo mbele ya jambo hili. Mahali pasipofika mwanga, mifupa inasimamishwa bila kelele ya nyundo, macho yanaumbwa kabla ya kuwa na cha kuona, mapafu yanajiandaa kwa hewa yasiyoijua. Na vifaa vyote vya ujenzi huo hupitia kinywani mwa mwanamke mmoja. Nimehutubia mikutano mingi, kutoka Lorugum hadi Lokiriama, na kila nifikapo hapa sauti yangu hushuka yenyewe.

Lugha yetu, Elyse, inakuita mja mzito. Uzito ndilo jina lako kwa miezi hii. Nani alikutuma ulikimbie?

Wazo la mama mkwe wako nimelikuta hata kwa akina mama wetu wa hapa Turkana. Silicheki, kwa kuwa limezaliwa makaburini. Lakini ni kosa. Njaa haipanui njia ya kuzalia. Mtoto aliyenyimwa huzaliwa akishikwa na baridi hata katika joto hili la Lodwar, hunyonya kwa shida, na maradhi madogo humlemea. Mama yake naye huingia leba hana nguvu za kusukuma. Na ikiwa upasuaji utahitajika, mwili ulioshiba huustahimili kuliko uliokonda.

Basi sikiliza. Kesho rudi kliniki bila mawe, umwambie muuguzi ukweli wote. Atakasirika kidogo, kisha atakusaidia. Njoo huku Lodwar ulikotumwa. Kula mara nyingi, hata kama ni kidogo kidogo: maharagwe, sombe ya majani ya muhogo, samaki wakavu wa ziwani, maziwa yaliyochemshwa. Vidonge vya damu usiviruke. Mama mkwe usimfiche wala usibishane naye. Mchukue mwende pamoja, umwombe muuguzi amsikilizishe moyo wa mjukuu wake, kisha mpange naye hospitali utakayojifungulia. Ukiona damu, kichwa kikikuuma bila kuachia, au mtoto akipunguza kucheza, usingoje kliniki ya wiki ijayo wala kipindi hiki. Nenda saa hiyo hiyo.

Sasa zima redio, Elyse. Pakua, ule.