Mume Wangu Kanifungulia Foleni

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla sijapasuka, maana nimemnunia mume wangu tangu juzi na yeye hata kosa lake halijui. Mimi ni fundi cherehani, lakini nikishafunga mashine hukaa kwenye kompyuta na ule mchezo wa kujenga miji, natandika barabara, mabomba, vituo vya basi, kisha narekodi video, na hizo video ndizo sanaa yangu, na moja imekubaliwa kuonyeshwa kwenye ukuta wa ukumbi wa maonyesho Jumamosi hii, na yenyewe ni foleni, foleni niliyoilea kama mtoto, magari yamebanana kwenye mzunguko mpaka darajani, na katikati kuna basi dogo la njano linazunguka tu, kituoni halifiki. Nilikuwa nimebakiza kurekodi mwisho.

Sasa mume wangu ni fundi wa taa za barabarani, wenzake humwita Bwana Kijani. Juzi nimekwenda kumpima bibi harusi, narudi namkuta kwenye kiti changu, jasho linamtoka, meno yote nje: "Mama watoto, mji wako ulikuwa umekufa! Nimevunja mzunguko, nimeweka taa, ona magari yanavyoteleza!" Na ameshahifadhi, mji wangu wa zamani haupo, na hata jirani amemwita aje aone! Nikaenda jikoni kugonga masufuria. Lakini mshauri, nilipochungulia nikaliona lile basi la njano linaingia kituoni, milango ikafunguka, watu wakashuka, nikameza kigelegele na machozi yananitoka. Sasa nijitoe kwenye maonyesho, au nifanyeje?

Mwenye Foleni

*

Mwenye Foleni, pole, ila nimecheka mpaka chai imenimwagikia. Hebu niambie, mumeo ulimweleza lini kwamba ile foleni ni kazi? Nahisi kila akiuliza unamjibu, "Nacheza tu." Mficha uchi hazai, mama! Mtu anashinda juani akiwafungulia watu njia, halafu unamwachia foleni mezani na kiti kitupu? Alidhani anakufaa, masikini.

Na yeye ana lake. Cha mtu hakiguswi bila kuuliza, hata kama ni cha mke wako. Mwambie wazi, akuombe radhi, yaishe.

Kujitoa? Thubutu! Foleni unayo kwenye video, ulikosa mwisho tu, na mwisho umeletewa nyumbani. Rekodi basi likiingia kituoni. Ukumbi mzima utakuwa umebanwa roho pamoja na hao abiria, na milango ikifunguka utasikia makofi yake. Kile kigelegele ulichokimeza kitoe, ukirekodi hapohapo kwa sauti yako mwenyewe.

Leo mkalishe Bwana Kijani, umwonyeshe foleni yako tangu mwanzo, na kipanya cha kompyuta ukishike wewe. Jumamosi akae mstari wa mbele, amevaa shati utakalomshonea. Basi likifika kituoni, usitazame ukutani, mtazame yeye.