Kanda ya Krismasi ya Baba

Mogogosiek,
28 Desemba 1998

Kwa ndugu yangu mpendwa Kipkorir,

Chamgei. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mombasa, wewe na mama watoto, na kwamba joto la huko haliwasumbui watoto. Sisi hapa tuko, namshukuru Mungu. Mama anatembea, goti tu ndilo linalomlemea asubuhi. Mvua imekatika tangu mwanzo wa mwezi na majani ya chai yamepungua shambani, lakini yule ng'ombe mweusi alizaa ndama jike, kwa hivyo maziwa ya mursik ya sikukuu hayakukosekana.

Najua unataka kusikia Krismasi ilikuwaje bila wewe. Watu walikuja baada ya ibada kama kawaida, wakajaa sebuleni mpaka wengine wakatazamia dirishani. Watoto walianza na ile kanda ya karate. Kisha akina mama wakaomba video ya kwaya za Nakuru, wakaimba nazo na kupiga makofi. Halafu mama akasema, kama anavyosema kila mwaka, sasa tuwekeeni Mzee.

Kanda hiyo unaijua, maana ni wewe uliyemleta Kim, yule mpiga picha wa Kericho, Krismasi ya 1993, ili Baba anaswe akiongoza kwaya. Baba aliimba peke yake ule wimbo wake wa wachungaji aliotunga mwenyewe kwa Kipsigis. Miezi minane baadaye tukamzika, na sauti yake hatuna mahali pengine popote.

Unajua pia alichosema wimbo ulipokwisha. Alisema Mungu alimpa mtoto mmoja wa kumtoa aibu, Kipkorir wake, na kwamba chai yote kutoka barabarani mpaka mtoni ni yako. Kisha akaninyooshea kidole nikipita na birika. "Huyu mwingine nimerudishiwa na watu wa mume wake kule Ndanai," akasema. "Tutamvumilia tu." Watu wakacheka. Kim akanigeuzia kamera, nami nikatabasamu.

Kila Krismasi tangu hapo watu wamecheka mahali palepale. Mwaka wa kwanza baada ya mazishi nilisimama mlangoni, nikakuona na wewe ukicheka. Baada ya hapo nikawa nabaki jikoni, lakini kicheko kinafika jikoni pia. Kumbuka kiharusi kilipompiga Baba, ni mimi niliyemgeuza kitandani, nikamlisha uji kwa kijiko, kisha nikakimbia kuchuma kabla lori la majani halijapita. Nilingoja aseme neno lingine juu yangu. Pengine angelisema, lakini ugonjwa ulikuwa umeshamfunga ulimi.

Basi mwezi wa kumi na moja ikaja barua yako. Uliandika kwamba Januari utakuja, wewe na baba mdogo Kipkemoi muwaite wazee, muwawekee kanda wasikie maneno ya Mzee kwa masikio yao, shamba liandikwe jina lako bila mabishano. Hukuuliza mimi nitakaa wapi. Uliniagiza tu nihakikishe deki ya video inafanya kazi.

Sasa nifike kwa jambo linalonifanya niandike. Siku ya Krismasi Baba alionekana akiinua mkono kuanzisha wimbo, na ghafla likatokea tangazo la sabuni, kisha watu wa televisheni waliovaa mavazi meupe wakiimba kwa Kiingereza. Mama akasogea mpaka ukingo wa kiti. Akaomba irudishwe nyuma. Ikarudishwa mara tatu. Mtu mmoja akaifungua deki akaipangusa kwa spiriti. Majirani wakasema ni mambo ya stima, na mimi nikasema ndiyo, ni stima.

Haikuwa stima, Kipkorir. Ni mimi. Kim alikuwa amevunja kile kipande cha plastiki ubavuni mwa kanda ili isirekodiwe tena. Jumapili moja mama akiwa kanisani, niliziba tundu lile kwa selotepu, nikabonyeza kitufe cha kurekodi. Siwezi kukuambia ni bahati mbaya, selotepu haikujibandika yenyewe. Nilitaka kufuta yale maneno tu. Lakini nilirudisha kanda nyuma kupita kiasi, na nilipogundua, wimbo ulikuwa umeshakwenda.

Jana nilimwambia mama. Nilidhani atanilaani. Aliendelea kuchambua mboga, kisha akaniuliza kama sijawahi kushangaa kwa nini kila Krismasi, wimbo ukiisha tu, yeye huja jikoni kutafuta chumvi. "Sikutaka kusikia akikusema," akasema. "Mimi nilikuwa nachukua wimbo wangu, hayo mengine nawaachia." Miaka yote hiyo alikuwa amesimama kando yangu, na mimi nilidhani ni chumvi.

Wewe njoo Januari kama ulivyopanga. Sitakana mbele ya wazee. Maneno ya Baba nitawaambia mwenyewe, neno kwa neno, ya chai na yangu pia, maana kichwani mwangu hayakufutika. Halafu nitawauliza chai hiyo imechumwa na mikono ya nani. Wakisema nitoke, nitatoka.

Ila kwa mama sina la kusema. Tangu jana anauimba ule wimbo akikamua, anafika ubeti wa tatu, anasimama. Wanakwaya nao hawaujui, kwa sababu Baba aliuimba peke yake. Leo asubuhi ameniuliza kama mimi naukumbuka. Nimemwambia ukweli, kwamba sikuwahi kuusikiliza. Nilikuwa nangoja yale yanayofuata.

Msalimie mama watoto, na watoto mmoja mmoja. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi dada yako,
Chepchirchir